Shahada moja, idara mbili: tathmini ya Historia ya Sanaa na Fasihi kutoka kwa aliyeimaliza

Nianze na nyota, maana najua wengi husoma hapo kisha huondoka: tatu na nusu kati ya tano. Ningeruhusiwa kutoa nyota kwa vipande, Historia ya Sanaa ningeipa nne, Fasihi ningeipa nne, na ile "na" iliyo katikati ningeipa mbili. Maelezo yanayofuata ni marefu. Yametoka kwa mtu aliyesoma shahada hii ya pamoja kwa miaka minne, akahitimu, na sasa yuko mwaka wa sita katika kazi ambayo haikutajwa popote kwenye kijitabu cha kutangazia kozi.

Kijitabu hicho kiliahidi "daraja kati ya kuona na kusoma". Maneno matamu, na ndiyo yaliyoniingiza mkenge. Nilichokikuta ni idara mbili katika majengo mawili, kila moja ikiamini kwa dhati kwamba kazi ya kuunganisha inafanywa na ile nyingine. Muhula wa kwanza, mhadhara wa utangulizi wa sanaa uliwekwa Jumanne saa nne asubuhi. Semina ya ushairi iliwekwa Jumanne saa nne asubuhi. Nikaenda kuuliza; ofisi ya kwanza ikanituma ya pili, ya pili ikanirudisha ya kwanza, na mhudumu wa ya kwanza akaniuliza kama nina hakika kozi hiyo ipo. Tulikuwa saba tulioandikishwa. Tukagawana, wanne huku, watatu kule, na jioni tunakutana maktaba kubadilishana madaftari. Mjomba wangu alikuwa amenionya mapema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Kufikia wiki ya tatu nilitaka kumpigia simu nimwambie amekosea kidogo tu: kwangu zimeponyoka zote mbili.

Ukishavumilia ufungashaji mbovu, bidhaa iliyomo ndani ni nzuri. Upande wa sanaa ndio ulionibadilisha macho, kwa hiyo naanza nao.

Zoezi letu la kwanza lilikuwa hili: chagua picha moja, kaa nayo saa nzima, andika unachokiona. Maneno "inaashiria", "inawakilisha" na "inadokeza" yalipigwa marufuku. Nilichagua picha ya Jan van Eyck ya mwaka 1434 iliyoko National Gallery, London, ile ya mwanamume na mwanamke wameshikana mikono chumbani. Dakika ya kumi nilikuwa nimeandika mwanamume mwenye kofia kubwa, mwanamke mwenye gauni la kijani, kitanda chekundu, mbwa mdogo, kioo cha duara ukutani, nikaweka kalamu chini. Mwalimu akapita, akaiangalia karatasi, akasema, "Bado dakika hamsini." Dakika ya ishirini nikaona viatu vya mbao vimevuliwa vikaachwa sakafuni. Baadaye kidogo nikaona kwamba ni mchana, mwanga unaingia dirishani, lakini kwenye taa ya shaba inayoning'inia unawaka mshumaa mmoja. Mwisho kabisa nikaingia kwenye kioo. Ndani yake inaonekana migongo ya wenyeji, na mbele yao, mlangoni, wamesimama watu wengine wawili, palepale niliposimama mimi mtazamaji. Nilihisi kama mtu aliyechungulia dirisha la jirani akakuta anatazamwa.

Juu ya kioo hicho kuna maandishi ya Kilatini yanayosema kwamba Jan van Eyck alikuwa hapa, 1434. Niliyatafsiri kwa fahari yote ya mtu wa fasihi. Nikakatwa maksi. Zoezi lilikuwa kutazama, mimi nikakimbilia kusoma, bila hata kutaja kwamba herufi zenyewe zina mikunjo mirefu ya madaha kama za hati ya kisheria. Nililalamika wiki nzima. Siku hizi ndiyo maksi niliyokatwa ninayoikumbuka kwa shukrani kuliko nyingi nilizopewa.

Mihadhara ya sanaa hufanyika gizani, picha mbili ukutani kwa pamoja, moja kushoto, moja kulia. Utaratibu huo wa kulinganisha unahusishwa sana na Heinrich Wölfflin, ambaye kitabu chake cha kanuni za historia ya sanaa kilitoka 1915. Projekta za slaidi zimeshakuwa vyuma chakavu, lakini kompyuta nayo imerithi tabia ileile ya kutoa picha mbili. Ni njia nzuri ya kufundisha, ila ina mtego ambao haukutajwa na mtu mpaka niliponaswa. Muhula wa pili niliandika kurasa tatu kuhusu picha ya Salvador Dalí ya mwaka 1931, ile ya saa zinazoyeyuka, nikieleza jinsi ufuko wake mtupu "unavyommeza mtazamaji mzima". Pembeni nilirudishiwa swali moja kwa kalamu nyekundu: "Vipimo?" Nikaenda kuangalia. Sentimita 24 kwa 33. Picha iliyonimeza mzima ni kubwa kidogo tu kuliko karatasi niliyoiandikia. Wiki hiyohiyo, kwenye ukuta uleule, kwa ukubwa uleule, tulikuwa tumeoneshwa Guernica ya Picasso ya 1937, ambayo ina takriban mita tatu na nusu kwenda juu na karibu mita nane kwa upana. Tangu siku hiyo siandiki neno kuhusu picha kabla ya kuandika vipimo vyake juu ya ukurasa, na nikiona mtu anasifu "ukubwa wa maono" ya mchoraji nataka kwanza kumuuliza ni sentimita ngapi.

Upande wa fasihi nitaueleza kwa ufupi kwa sababu wengi wenu mmewahi kuusoma kwa namna fulani. Kilichokuwa tofauti ni mwalimu wetu wa ushairi, mzee mpole mwenye swali moja alilolirudia kila semina: "Nani hayupo?" Ukimaliza kumwambia shairi linasema nini, nani anasema, kitenzi kiko wakati gani, atatikisa kichwa taratibu, kisha atauliza nani angepaswa kuwemo na hayumo. Mwanzoni tulidhani ni mchezo wa wazee. Kasoro ya idara hiyo ilikuwa moja, nayo kubwa: kwao maneno hayana mwili. Tulisoma shairi la William Blake kuhusu simbamarara, la mwaka 1794, katika kitabu kilichopanga beti safi kwenye karatasi nyeupe. Hatukuambiwa kwamba Blake aliliandika kinyumenyume kwenye bamba la shaba pamoja na mchoro wake, akalichapa, kisha nakala zikatiwa rangi kwa mkono. Niliiona picha hiyo kwa bahati, kwenye maktaba ya idara ya pili. Yule mnyama wa kutisha wa kwenye shairi, aliyetengenezwa kwa nyundo na tanuru, ana uso wa paka aliyeshiba. Sasa uulize kwa nini. Semina nzima ingeweza kukaa hapo, na haikukaa.

Wiki moja tu katika miaka minne ndiyo idara hizo mbili zilifundisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na hata hiyo naamini ilitokea kwa ajali. Ilikuwa wiki ya Icarus.

Jumatatu, upande wa fasihi, tulisoma shairi la W. H. Auden la mwaka 1938, aliloliandika baada ya kutembelea makumbusho ya sanaa Brussels. Linazungumzia mateso: jinsi mtu anavyopatwa na janga huku wengine wanakula, wanafungua dirisha au wanapita zao. Mfano wake mkuu ni picha ya kuanguka kwa Icarus, kijana wa hadithi ya Kigiriki aliyeruka kwa mbawa za manyoya na nta, akalikaribia jua, nta ikayeyuka. Katika shairi, mkulima huenda alisikia kishindo cha maji lakini kwake halikuwa jambo kubwa. Miguu myeupe inazama kwenye maji ya kijani. Meli iliyoona ajabu hiyo inaendelea na safari yake. Picha yenyewe hatukuoneshwa. "Itafuteni," alisema mzee, kama mtu anayetuma watoto dukani.

Alhamisi, upande wa sanaa, ikawekwa ukutani. Hawakutaja shairi hata kwa bahati mbaya. Saa nzima ilikuwa ya swali moja: ni ya mchoraji Pieter Bruegel Mzee au si yake? Makumbusho ya Brussels yaliinunua mwaka 1912. Ina karibu sentimita 74 kwa 112, rangi ya mafuta kwenye turubai, na hapo ndipo mashaka yanapoanzia, kwa sababu kazi za rangi za mafuta za Bruegel zinazojulikana zimechorwa kwenye mbao. Wataalamu wengi sasa wanaiona kuwa nakala ya kazi yake iliyopotea. Wenzangu wa sanaa walitoka darasani wanabishana kuhusu nyuzi za turubai.

Sisi saba tulibaki. Tukaiweka picha kwenye skrini ya maktaba, tukafungua shairi pembeni, na mmoja wetu akaleta tafsiri ya Ovid, mshairi wa Kirumi aliyeisimulia hadithi hiyo katika kitabu cha nane cha Metamorphoses. Hapo ndipo nilipopata thamani ya ada yangu, na hapakuwa na mwalimu chumbani.

Kwa Ovid, mvuvi, mchungaji na mkulima wanawaona baba na mwana wakipita angani, wanashangaa, wanadhani ni miungu. Kwenye picha watu hao watatu wapo wote. Mkulima mwenye shati jekundu yuko mbele kabisa, mkubwa kuliko wote, macho chini, anafuata jembe lake la farasi. Mvuvi ameketi chini kulia, mkono ameunyosha majini. Mchungaji amesimama katikati, kondoo wamemzunguka, ameegemea fimbo. Mchoraji kawachukua mashahidi wote wa mshairi, halafu kawanyima ushahidi. Miguu ya Icarus iko kona ya kulia, midogo, karibu na meli, na manyoya machache yanashuka nyuma yake. Na jua, lile lililoyeyusha nta, liko chini kabisa kwenye upeo wa bahari.

Dada mmoja kati yetu, aliyekuwa kimya siku zote, akanyosha kidole kwenye tawi lililo karibu na mvuvi. "Huyu ndege ni nani?" Tukarudi kwa Ovid. Icarus anapozikwa, anatokea kware, anapigapiga mabawa kwa furaha. Kware huyo zamani alikuwa kijana, mpwa wa Daedalus (baba yake Icarus), fundi mwenye kipaji, ambaye mjomba wake alimsukuma kutoka juu kwa wivu, akaokolewa kwa kugeuzwa ndege. Ametulia pale kwenye tawi, kipande kidogo cha rangi, anamwangalia mtoto wa aliyemsukuma akizama. Bila Ovid, ni ndege. Bila kuitazama picha sentimita kwa sentimita, hata hujui kwamba kuna wa kumuulizia.

Kisha nikalikumbuka swali la mzee. Nani hayupo? Nikalirudia shairi la Auden mstari kwa mstari. Mkulima yumo, jua limo, miguu imo, meli imo. Mchungaji hayumo. Na mchungaji ndiye pekee kwenye picha aliyeinua uso juu. Shairi linalosema kwamba watu huyapa mateso kisogo limemwacha nje mtu mmoja anayetazama mbinguni. Tukapiga kelele mpaka mkutubi akaja. Wiki iliyofuata nikagundua kwamba kuna nakala nyingine ya picha hiyo, iko Makumbusho ya Van Buuren, Brussels pia, na katika hiyo Daedalus anaonekana angani akiruka. Huko mchungaji ana kitu cha kutazama. Katika ile kubwa baba ameondolewa, mchungaji kabaki anaikodolea macho mbingu tupu.

Nilipompelekea mzee wa ushairi habari hii aliniuliza, "Sasa kama picha si ya Bruegel, shairi linapungua nini?" Nilipompelekea mwalimu wa sanaa alisema, "Ni vizuri, lakini shairi si ushahidi." Wote wawili walikuwa sahihi, nami nikabaki katikati ya uwanja nikiwa na daftari. Ile "na" niliyoipa nyota mbili ndiyo hiyo.

Kuna kitabu kimoja ambacho mtu yeyote anayefikiria kujiandikisha angekisoma kwanza, maana ndicho kinachoeleza ugomvi wa idara hizi mbili kabla hazijazaliwa. Ni Laokoon cha mwandishi wa Kijerumani Gotthold Ephraim Lessing, 1766. Lessing anauliza kwa nini kuhani Laocoön, akikabwa na nyoka pamoja na wanawe, kwa mshairi Virgil anapiga ukelele wa kufika mbinguni, ilhali kwenye sanamu maarufu ya marumaru iliyofukuliwa Rome mwaka 1506 mdomo wake umefunguka kidogo tu, kama anayeguna. Jibu lake ni kwamba ushairi unaishi katika wakati, unasema hili kisha lile, na ukelele hupita. Sanamu inaishi katika nafasi, ina dakika moja ya milele, na mdomo uliopanuka milele ungekuwa shimo baya usoni. Ni hoja nzito na imenilisha miaka mingi. Kinachonichekesha ni kwamba alipoiandika Lessing hakuwa ameiona sanamu yenyewe. Alitegemea michoro na maandishi ya wengine. Tena sanamu aliyoijua kwa michoro hiyo ilikuwa na mkono wa kulia ulionyooshwa juu, uliobandikwa na warekebishaji. Mkono wa asili ulipatikana Rome karne ya ishirini, aliyeutambua akiwa Ludwig Pollak, na umekunjwa kurudi nyuma ya kichwa. Yaani maumivu yanajikunja kuingia ndani, hayanyooki kwenda nje. Mtu wa fasihi tupu atakupa Lessing bila mkono. Mtu wa sanaa tupu atakupa mkono bila Lessing.

Tasnifu yangu ilizaliwa hapo, na malalamiko yangu makubwa pia.

Niliamua kumjaribu Lessing kwa Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kuhusu magofu ya Pate. Mnaoujua mnakumbuka majumba yaliyokuwa yakinawiri kwa taa za kioo na shaba, yakapambwa kwa sini, vyombo vya kaure, za kuchaguliwa. Mnakumbuka pia yale madaka ya ukutani yaliyopangwa sahani, ambayo sasa yamelaliwa na makinda ya ndege. Nilisoma beti hizo nikiwa na kichwa kilichojaa mambo ya nafasi na wakati, nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekipita tangu nilipoujua utenzi huo. Daka ni lilelile. Mshairi hatoki pale alipo. Anakuonesha sahani, kisha palepale, kwenye shimo lilelile la ukuta, anakuonesha ndege. Mchoraji angelazimika kuchagua: daka lenye sahani au daka lenye makinda, au achore picha mbili kama slaidi za Wölfflin. Neno "sasa" linafanya kazi yote hiyo peke yake. Lakini utamu wake unahitaji pia ujue daka ni kitu gani, lina kina gani, lilijengwa ili kubeba nini, sini ilitoka wapi, na kwa nini mwenye nyumba aliiweka mahali mgeni anapoiona kwanza. Bila kifaa, neno linaelea.

Niliandika maneno elfu kumi na mbili. Wasahihishaji walikuwa wawili, mmoja kila idara, kama kanuni zilivyotaka. Wa fasihi aliandika kwamba nimetumia kurasa nyingi mno kueleza vyungu na kuta. Wa sanaa aliandika kwamba hakuna kifaa hata kimoja nilichokichunguza kwa vipimo, maana nategemea utenzi. Maksi zao zilipishana kwa kumi na nne. Kanuni ilisema zikipishana hivyo aitwe msahihishaji wa tatu, na wa tatu hakupatikana kwa miezi miwili kwa sababu ilibidi awe mtu anayezijua fani zote mbili. Yaani walikuwa wameanzisha shahada ambayo hawana wa kuisahihisha. Mwishowe maksi zikajumlishwa zikagawanywa kwa mbili, na nikapewa wastani wa watu wawili ambao hawakusoma tasnifu moja.

Mengine ni ya kawaida, nayataja haraka ili ujue unaingia wapi. Sanaa wanataka rejea kwa tanbihi chini ya ukurasa, mtindo wa Chicago; fasihi wanataka jina na ukurasa kwenye mabano, mtindo wa MLA. Utaandika kwa yote mawili, na siku moja utachanganya. Jifunze kusoma Kijerumani au Kifaransa mapema, mwaka wa kwanza, wala usingoje, kwa sababu upande wa sanaa utafika mahali maandishi unayoyahitaji hayajatafsiriwa. Kuhusu picha za kuweka kwenye tasnifu, usihangaike na nakala zenye ukungu: Metropolitan Museum ya New York ilifungua picha za kazi zake zisizo na hakimiliki kwa matumizi huru mwaka 2017, na Rijksmuseum ya Amsterdam ilitangulia miaka kadhaa kabla. Unaweza kukuza mpaka ukaona nyufa za rangi. Hata hivyo nenda ukasimame mbele ya kitu halisi kila unapopata nafasi, hata kama ni kimoja kwa mwaka. Skrini haikuambii uiname.

Nani aichukue, basi? Kama unataka kuwa mtaalamu wa makumbusho wa kutambua kazi na kuitafutia tarehe, chukua sanaa peke yake. Nusu shahada haitakupa muda wa kutosha wa kemia ya rangi na kumbukumbu za mauzo. Kama unataka kufundisha fasihi, nawe chukua fasihi. Hii ya pamoja inamfaa mtu anayeweza kuishi bila kupigiwa makofi na upande wowote. Na inamfaa zaidi akipata wenzake. Sisi saba tulikuwa idara ya tatu ambayo chuo hakikuisajili, na nikikata nyota moja na nusu kwa ratiba, kanuni na wasahihishaji, karibu zote zilizobaki ni za meza ile ya maktaba.

Swali la kazi huulizwa kila mara, kwa hiyo nalijibu kwa mfano wa wiki hii. Naandika maelezo ya picha kwa watu wasioona. Msikilizaji anavaa vipokea sauti, anasikia picha kwa sekunde tisini. Hakuna mtu aliyeniambia chuoni kwamba kuna kazi kama hiyo, na sijui kozi nyingine ambayo ingenitayarisha kwayo vizuri zaidi: saa nzima ya kuona bila "inaashiria", na mzee akiuliza nani hayupo. Ndiyo, vipimo huja kwanza. "Upana wake ni kama mikono yako miwili ukiinyosha nusu," hivyo ndivyo ninavyosema sasa.

Wiki hii nimepewa Icarus. Nimekaa nayo siku tatu. Kila neno ninaloandika linamlazimu msikilizaji apokee kwa zamu kitu ambacho mwenye macho anakipata kwa mkupuo, kwa hiyo Lessing yuko mezani kwangu saa zote. Nikianza na miguu, nimeiharibu picha, kwa sababu mchoraji aliificha. Nikiiacha mpaka mwisho, nimefanya kama fumbo la watoto. Rasimu ya kwanza nilianza na mkulima na shati lake, nikashuka kwa mchungaji, kondoo, mvuvi, ndege kwenye tawi, meli, jua, na miguu ikaja sentensi ya kumi na moja, baada ya jua.

Mwenzangu anayezijaribu rasimu zetu haoni tangu utotoni. Alisikiliza mara mbili, akavua vipokea sauti.

"Kichwa kinasema Icarus anaanguka. Nimemngoja dakika nzima. Nilipofika kwenye jua nikadhani mmemsahau."

Nikamweleza kwamba wanaoona nao humtafuta.

"Wao wanaweza kuacha kutafuta wakaangalia meli. Mimi siwezi kuangalia meli kabla hujaisema."

Tukakaa kimya kidogo. Kisha akaomba nimrudishie sehemu ya meli, akasikiliza tanga lake linavyojaa upepo, akasema miguu iwekwe hapohapo, nyuma ya meli, katikati ya sentensi, bila kituo kabla yake, ili meli iwe inaendelea kwenda wakati yeye anazama. Tumeiweka hapo. Ndege bado tunabishana.